Daktari Katika Hitima Yetu

Niseme kwanza nilipo, ili pasiwe na maneno: jina la yule daktari lilistahili kuondolewa juu ya lango la shule yetu. Lilipoondolewa, miaka kadhaa baada ya mimi kumaliza, nilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Sasa juzi mwanamke tuliyesoma naye amenipigia simu kutoka Mahajanga. Anasema wako watu wanaotaka jina lirudishwe, eti ni historia, na kwamba mimi ndiye wa kuwajibu kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza. Tangu simu ile sikai nikatulia. Nafagia ua uliokwisha fagiwa. Naanza barua, naichana. Si kwamba sina la kusema, mimi na maneno hatujawahi kukosana. Ni kwamba wote wanaonisifu kwa siku ile hawajui nilichofanya siku ile.

Nilizaliwa kisiwani Nosy Be, lakini shule ya sekondari ilikuwa Mahajanga, kwa hiyo nilipofikisha miaka kumi na mitatu baba alinipandisha meli nikaenda kukaa mtaa wa Mahabibo kwa mama yake. Tulimwita koko, ndivyo Wangazija wanavyomwita bibi. Nyumbani tulisema Kingazija, barabarani Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki nimekipata baadaye kwa ndoa, Mombasa, na mume wangu mpaka leo ananicheka kwa baadhi ya maneno. Acha acheke.

Koko alikuwa mjane, mfupi, mwenye kauli. Aliuza vitumbua mlangoni kila asubuhi, na mteja aliyelalamika kwamba ni vidogo aliambiwa arudi kesho na mdomo mdogo. Kifaransa hakukijua zaidi ya salamu. Lakini kulikuwa na Mfaransa mmoja ambaye hakuruhusu mtu amseme vibaya, naye alikuwa amekufa zamani: daktari aliyemtibu utotoni kwao Andilana, Nosy Be. Kisa chake tulikijua sote kwa moyo. Alikuwa na miaka kama kumi, homa imemshika, mama yake ameshaanza kutafuta sanda. Daktari akaja, akakaa kijijini, akamnywesha dawa kwa mkono wake mwenyewe siku saba. Nywele zilinyolewa zote. “Homa ilininyoa,” alikuwa akisema, kisha anagusa kichwa chake juu ya mtandio na kucheka.

Sasa niwaambie alichofanya koko, maana sidhani kuna mtu mwingine aliyewahi kukifanya. Kila mwaka mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, tulisoma hitima ya marehemu wetu. Fundi, ndivyo tulivyomwita mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuja na daftari la nyumba yetu, akasoma majina moja moja, fulani bin fulani, watu wakaitikia dua. Mwaka mmoja, kabla mimi sijazaliwa, koko alimwambia fundi amtie daktari.

Fundi akasema Mzungu hana hitima.

“Wewe soma,” koko akamjibu. “Mungu atachagua mwenyewe wa kumpa.”

Fundi alipoona hawezi kushinda, akauliza: bin nani? Koko hakujua baba yake daktari alikuwa nani, na jina lisilo na baba halisomwi. Akafikiri, akasema, “Mtie kwa baba yangu.” Basi tangu hapo, kila Shaaban, yule Mfaransa alisomwa katika nyumba yetu kama mtoto wa baba yake koko, ndugu yake wa damu. Watu waliitikia amina. Ami zangu walicheka midomo imezibwa na vitumbua, lakini hakuna aliyethubutu kulifuta jina lile.

Nilipoingia shule, nikakuta jina la ndugu yetu juu ya lango. Uhuru ulikuwa umekuja, bendera ilikuwa mpya, rais alikuwa Mmalagasi, na mkuu wetu wa shule alikuwa bado Mfaransa. Uani palikuwa na sanamu ya daktari, kichwa na mabega, juu ya nguzo. Kila Jumatatu tulipanga mistari mbele yake na kumwamkia kwa pamoja. Wenzangu waliona ni adhabu ya jua. Mimi nilimwamkia kwa moyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu, na nilijigamba hivyo mpaka wakachoka nami.

Nikiwa na miaka kumi na saba nilimjibu mwalimu wa hesabu vibaya. Nina hasira za karibu, najua, nimeambiwa na watu wengi na kila mara nimekasirika. Adhabu yangu ilikuwa kufuta vumbi kwenye kabati la vitabu la ofisini kwa mkuu wa shule kwa wiki nzima. Siku ya tatu nikakuta kitabu kinene chenye jina la daktari. Nikakifungua kwa furaha. Nilitaka kuona kama ametaja Andilana.

Ameitaja. Palikuwa na picha ya msichana, mara mbili, uso wa mbele na uso wa upande. Kichwa ki wazi, kimenyolewa mpaka kinang'aa, na mkono wa mtu asiyeonekana umekishika kwa chuma cha kupimia. Chini yake jina la koko, jina la baba yake, kijiji, umri wa kukisia, kisha safu ya tarakimu za kichwa chake. Nilisoma jina lile mara tano. Katika ukurasa unaofuata akaeleza alichokiona katika tarakimu hizo. Watu wa aina hii, aliandika, ni wapole na hufundishika kazi ndogondogo, lakini akili zao zikifika mahali husimama, na kuwasomesha zaidi ni kuwatesa bure. Na huyu ndiye waliyemchagua kumpa shule ya sekondari!

Kitabu nilikitia ndani ya mkoba wangu. Sijakirudisha mpaka leo, na sijuti.

Likizo ya Pasaka nikaenda Nosy Be. Sikumwambia mtu kitu, nikapanda lori la kwenda Andilana kwa mdogo wake koko, bibi yangu mdogo, aliyekuwa bado anaishi palepale. Nikamuuliza habari ya homa. Akaniambia kwamba watoto walionyolewa siku ile walikuwa kumi na wanne, na wagonjwa walikuwa watatu tu.

“Na wengine walinyolewa kwa nini?”

“Mama zetu waliambiwa ni kwa sababu ya homa. Alitupanga kwenye mchanga. Alikuwa na chuma kama koleo la kushikia kaa la moto, anatubana nalo hapa na hapa.” Akanishika kichwani pande mbili kwa vidole vyake vikavu.

Nikasema, kwa hiyo dawa ilikuwa uongo. Akanikatiza pale pale.

“Usimsingizie maiti. Dawa alitoa. Dada yangu alikuwa amekwisha, yule mtu akamrudisha. Usiku alikuwa anakesha naye. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mwanangu. Baba yako asingekuwepo, na wewe usingekuja hapa kunihoji.”

Nilirudi na hasira zaidi kuliko nilivyokwenda. Nilitaka mtu mmoja, nimchukie moja kwa moja, nimalize. Nikapewa wawili katika koti moja. Melini sikuweza kukaa, nilizunguka sitaha mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepoteza mtoto.

Na kule Mahajanga mambo yalikuwa yakinisubiri. Kila mwaka shule ilikuwa na siku ya daktari: wageni, hotuba, maua, na mwanafunzi mmoja kusoma wasifu wake. Mwaka ule nilichaguliwa mimi. Tena mkuu wa shule alikuwa amesikia zile sifa zangu za zamani, kwamba bibi yangu alitibiwa naye, akaona hii ni bahati. Akamwalika koko kuwa mgeni wa heshima, akae mbele, aweke maua.

Habari ilizunguka Mahabibo kabla mimi sijafika kutoka bandarini. Koko alikuwa ametoa sandukuni shiromani yake nyekundu, nguo ya kujitanda, ile ya harusi na Idi, ameianika juani. Majirani walikuja kumpongeza. Alinunua viatu. Yeye, ambaye kwa miaka aliniambia viatu ni vya watu wasio na nyayo, alinunua viatu, akawa anatembea navyo ukumbini jioni ili visimuumize siku yenyewe.

Ningeweza kumwambia wakati ule. Wiki mbili nzima nilikuwa naye chumba kimoja. Nilijua wazi kabisa kilichokuwa hatarini: nikisema, nampokonya ndugu aliyemchagua mwenyewe na siku aliyoinunulia viatu, nisiposema, atakwenda kuinamia mtu aliyemwandika kama mnyama mpole. Kila usiku nilisema kesho. Asubuhi ananiuliza, “Hivi nikifika nisimame au nikae?” na mimi namwambia kaa, koko, wao watakuambia. Kisha natoka nje kupiga mateke kopo. Mwisho nikajipa uamuzi wa mwoga: nitasoma karatasi aliyoniandikia mkuu wa shule, tutarudi nyumbani, na mambo yatapita. Lakini kitabu nilikibeba. Nilijiambia nakibeba kwa sababu ya kuweka karatasi isikunjike.

Siku yenyewe ua ulijaa. Mbele walikaa maofisa, wapya wa Kimalagasi na Wafaransa waliobaki, nyuma yao wazazi, wengi wa Mahabibo, na sisi wanafunzi tumesimama pembeni. Koko alikaa mstari wa kwanza, mikono magotini, viatu vimelingana. Mkuu wa shule alizungumza. Akasema sisi leo tuna ushahidi ulio hai wa kazi ya mtu huyu mkubwa, akashuka, akaenda alipo koko, akamwekea kiganja kichwani, juu ya shiromani, akampapasa mara mbili tatu. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye wajukuu. Koko akatabasamu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Palepale niliacha kuona vizuri. Nilipoitwa nikapanda, nikaiacha karatasi kando, nikafungua kitabu kwenye ukurasa ule, nikasoma.

Nilisoma kwa Kifaransa chao kizuri, matamshi yote mahali pake. Nikasoma kuhusu aina na akili zinazosimama na mateso ya kuwasomesha. Nikaona kwanza mabega ya Wafaransa yakigeuka, kisha ofisa mmoja wa Kimalagasi akavua miwani yake. Nilijisikia nina nguvu, nisiwafiche. Sijawahi tena maishani kuwa na watu wengi hivyo mkononi mwangu. Kisha nikarudi chini ya picha, nikasoma kilichoandikwa pale: jina la koko, jina la baba yake, Andilana.

Koko akasikia jina lake. Katika maneno yote yale ndilo pekee aliloelewa. Akasimama.

Alisimama wima, akaitengeneza shiromani begani, akaweka mkono kifuani na kugeuka kuwaelekea watu, ili waliokaa nyuma nao wamwone. Wazazi wa Mahabibo wasiojua Kifaransa wakapiga makofi. Waliojua hawakupiga. Naye akainamisha kichwa kuwashukuru, kushoto, kulia, uso umejaa nuru, na mimi nilikuwa katikati ya sentensi. Nikaimaliza. Nikasoma na tarakimu zote.

Mkuu wa shule hakunikatiza. Naamini alifikiri kunikatiza kungekuwa aibu kubwa zaidi. Nilipomaliza alitoa ishara ya maua, koko akayaweka chini ya nguzo kwa adabu, na sherehe ikafungwa haraka.

Njiani tulipokuwa tunarudi akaniuliza, “Nimesikia jina langu na la baba. Umesema nini juu yetu?”

“Nimesema ulikuwa mgonjwa hodari,” nikamwambia.

Akaridhika. Alivua viatu akavibeba mkononi, akatembea mbele yangu akisalimia kila mlango.

Kesho yake niliitwa ofisini. Mkuu wa shule hakupiga kelele. Alisema daktari alikuwa mtu wa wakati wake. Nikamjibu kwamba koko pia alikuwa mtu wa wakati huohuo na hakumpima mtu kichwa. Akasema mtu ahukumiwe kwa wagonjwa wake, si kwa kitabu kimoja. Nikasema basi tumwandike hospitalini, kwa nini juu ya shule, mahali pa watu aliosema wasisomeshwe? Jina juu ya lango si historia, nilimwambia, historia iko ndani ya kabati na mmeifungia. Jina juu ya lango ni salamu, na sisi ndio tunaosalimu kila Jumatatu. Haya ndiyo maneno ambayo wenzangu wameyarudia miaka yote hii, na bado nayaona ni ya kweli. Nitayaandika katika barua nikipata kuimaliza. Alinisimamisha masomo wiki mbili na kuliondoa jina langu katika orodha ya waliopendekezwa kwenda chuo cha ualimu. Nikawa shujaa. Wavulana wa madarasa ya juu, ambao hawakuwahi kunisemesha, walikuja kunishika mkono.

Kilichonitisha kilikuwa Mahabibo. Mtaa ule haujui siri; ukipika samaki asubuhi, mchana mtu anakuuliza kama chumvi ilitosha. Lakini hili walilinyamazia. Watu walioelewa kila neno nililosoma walipita mlangoni, wakanunua vitumbua, wakamuuliza koko hali ya viatu. Walimsitiri. Hakuna aliyewaagiza. Mimi mjukuu wake nilipopita walinitazama kisha wakatazama pembeni, na nilidhani wananihusudu. Ujinga wa umri ule hauna dawa.

Ikaja Shaaban. Fundi akaja na daftari, wanaume barazani, wanawake ndani, mimi na sinia la kahawa. Majina yakasomwa. Alipofika kwa daktari sauti ya fundi ilipungua kidogo, kwa sababu fundi naye alikuwa na mtoto pale shuleni na alijua. Lakini alisoma, jina la yule mtu, bin, jina la baba yake koko. Watu wakaitikia amina kwa midomo iliyofungwa, na sauti ya koko peke yake ikasikika wazi.

Nilivumilia mpaka mgeni wa mwisho ameondoka. Koko alikuwa uani, amechuchumaa, anaosha vikombe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Picha, chuma, tarakimu, mnyama mpole. Nikasema huyo si ndugu yako, unamwombea mtu aliyekuandika mjinga, fundi amfute leo hii. Nilitaka alie, au akasirike, awe upande wangu.

Yeye aliendelea kusuuza.

“Jina la baba pia limo?” akauliza.

“Limo.”

“Na kichwa kinaonekana?”

“Kinaonekana.”

Akaweka kikombe juu ya kitambaa. “Habari ya nywele niliijua,” akasema. “Nilipokuwa mtu mzima nilijua. Homa hainyoi watoto waliolala salama. Alinifanyia wema na alinifanyia ubaya, na hayo ni yangu na yake, tutaulizana siku ya Kiyama. Hilo la akili sikulijua. Nalo nitamuuliza.”

Nikafungua mdomo. Akainua mkono wenye maji kunizuia.

“Nataka kujua la kwako. Siku ile pale shuleni, ulichokuwa unasoma ulikuwa unakielewa?”

“Ndiyo, koko.”

“Na ukaniona nimesimama.”

“Nilikuona.”

“Ukaendelea.”

Akaushusha ule mkono, akaufuta kwenye kitambaa.

“Yule alikuwa mgeni, hakunijua,” akasema koko. “Wewe ni mjukuu wangu.”

Kisha akachukua kikombe kingine.